Upepo Wetu, Pesa za Nani?

Mwanzo tukubaliane jambo moja: hotuba za kuzindua mitambo ya upepo zimetuchosha. Mheshimiwa anashuka kutoka kwa ndege, ngoma zinapigwa, utepe unakatwa, halafu tunaambiwa maneno yaleyale matatu. Ajira. Stima. Maendeleo. Watu wanapiga makofi. Kesho yake msafara umeondoka, mapanga yanazunguka huko juu, na mama aliyecheza ngoma jana anarudi nyumbani kuwasha koroboi. Hakuna aliyeuliza swali ambalo hata mtoto wa chekechea huuliza akiona baiskeli imeegeshwa nje: hii ni ya nani?

Mimi nauliza. Na jibu langu nalitoa mapema ili asiyekubali aanze kunoa kalamu yake. Mtambo wa upepo usio mali ya watu wa mahali unaposimama huwafaa watu hao kama vile mnara wa simu unavyomfaa mbuzi anayelala kivulini mwake. Kivuli ni kizuri, sikatai. Lakini mbuzi hana hisa. Mtambo huohuo ukiwa mali yao, hata ukiwa mmoja tu, hata ukiwa mkuukuu, unaweza kuwarudisha watu waliokwisha hama.

Najua watakaosema: kijana mwenyewe ameishia Kidato cha Nne, anaandika riwaya isiyojulikana itachapishwa lini, megawati amezijulia wapi? Sawa. Hesabu nitakayotumia hapa ni ya kuzidisha na kutoa, na hiyo tulifundishwa sote. Tena jambo lenyewe linatuhusu sisi waandishi chipukizi kuliko tunavyodhani. Hebu chukueni hadithi kumi za vijana wenzetu. Ngapi zinaanza na kijana akipanda basi kwenda Nairobi, mkononi mfuko wa nailoni, mfukoni namba ya simu ya mjomba? Nyingi mno. Nasi humlaumu huyo kijana: ana tamaa, kapumbazwa na taa za mji, kawasahau wazee. Mimi nasema hadithi hizo huanzia ukurasa wa pili. Ukurasa wa kwanza, ambao hatuuandiki, ni siku pesa zilipopanda basi. Pesa ndizo hutangulia mjini, kijana huzifuata tu. Mahali ambapo kila kinachozalishwa hulipwa kwingine, kijana hana haja ya kushawishiwa na taa za mji. Ataondoka hata akiwa mtiifu kama kondoo.

Sasa acheni niwapeleke mbali kidogo, kisha tutarudi Marsabit.

Magharibi mwa Uskoti kuna kisiwa kidogo kiitwacho Gigha. Kwa karne nyingi kilikuwa na mwenyewe mmoja kila zama. Aliyekinunua mwaka 1944 alikuwa Sir James Horlick, wa jamaa ile ya kinywaji cha Horlicks ambacho wazee wetu wanakikumbuka. Kisiwa kizima, pamoja na mashamba na nyumba ambamo watu walizaliwa na kuzeeka, kiliweza kuuzwa kama ploti. Na nyinyi mnajua mpangaji anavyoishi. Nani ataezeka upya nyumba ambayo si yake, na kesho mwenye nyumba anaweza kuwa mtu mwingine? Nyumba zikachakaa, vijana wakavuka maji. Sensa ya 2001 ilikuta watu 110.

Mwaka 2002 wakazi hao waliunda shirika lao wakakinunua kisiwa kwa pauni milioni 4. Sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa ya umma, lakini pauni milioni 1 ilikuwa mkopo, nao waliulipa kufikia 2004. Kisha wakafanya jambo lililonifanya niandike makala haya. Walinunua mitambo mitatu ya upepo, kila mmoja wa kilowati 225, ambayo ilikuwa imekwisha kutumika kwenye shamba la upepo huko Uingereza. Mitumba, wenzangu! Kama koti la Gikomba. Wakaipa majina ya Imani, Tumaini na Upendo. Gharama waliikusanya kwa ruzuku, mkopo na hisa. Kuanzia Januari 2005 ikawa inauza umeme kwenye gridi.

Mapato yaligawanywaje? Hapa ndipo penye somo. Kwanza walilipa uendeshaji. Pili walilipa deni. Tatu waliweka akiba ya kununua mitambo mingine, kwa kuwa chuma nacho huzeeka. Kilichobaki kilikwenda kwa shirika la kisiwa, na shirika likawa linakarabati nyumba. Sensa ya 2011 ilikuta watu 163 kwenye kisiwa hicho. Yaani kwa kila watu wawili waliokuwako, mmoja zaidi alikuja. Baadaye wakaongeza mtambo wa nne.

Sitaki kuwapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Upepo peke yake haukufanya hayo. Ardhi ndiyo iliyotangulia. Na maisha ya Gigha hayakugeuka pepo. Miaka iliyofuata kisiwa kilibeba madeni yaliyowaumiza vichwa. Lakini deni la mtu mwenye mali ni tofauti na umaskini wa mtu asiye na chochote. La kwanza mnalikalia kikao. La pili mnalipandia basi.

Hebu tuifuate shilingi yenyewe tuone inakopita. Mtambo umeuza stima ya shilingi mia. Ukiwa mali ya kampuni ya mbali, shilingi hizo zinakwenda kwa benki iliyokopesha, kwa wenye hisa, kwa kampuni ya matengenezo, kwa bima. Kijijini zinabaki za soja anayelinda geti, za kibarua anayefyeka nyasi, na kisima kimoja chenye kibao kikubwa kuliko kisima. Ukiwa mali ya wanakijiji, benki bado italipwa, fundi wa mitambo bado atalipwa, bima vilevile. Sidanganyi mtu. Tofauti iko kwenye faida. Ile faida inakaa. Ikikaa, inakarabati nyumba. Fundi wa nyumba ni wa hapahapa, mbao kanunua hapahapa, mchana anakula kwenye hoteli ya jirani, mwenye hoteli ananunua maziwa kwa mfugaji, mfugaji anamlipia mtoto karo. Shilingi moja imewalisha watu watano kabla haijatoka kijijini. Ile nyingine ilitoka kabla hata haijaingia.

Ndiyo maana nakasirika nikisikia mtu mzima, mwenye shahada, akitupigia ngoma ya "ajira". Kazi za ujenzi huisha ujenzi ukiisha. Mtambo wa upepo si kiwanda cha viatu. Ukishasimama unahitaji watu wachache sana. Yaani kinachotangazwa kama faida kubwa ya mradi ndicho kinachoisha kwanza, na kinachodumu miaka 20, ambacho ni faida, hakitajwi kabisa kwenye hotuba. Mtu akikuonyesha maganda huku ndizi ameshika mkono wa pili, utamwita mfadhili?

Sasa mitambo ile mitumba ya Gigha ilitengenezwa na Vestas, kampuni ya Denmark. Lishikeni jina hilo, tutakutana nalo tena.

Denmark haikupata ujuzi wa upepo kutoka kwa wadosi. Mwaka 1891 mwalimu aliyeitwa Poul la Cour alianza kuzalisha umeme kwa kinu cha upepo pale Askov, kwenye shule ya vijana wa mashambani. Mwalimu, tena shuleni! Mwaka 1978, walimu, wanafunzi na watu wa kujitolea wa shule za Tvind walikamilisha mtambo mkubwa wa upepo, wakati ambapo wataalamu wengi waliona jambo hilo kama mchezo wa watoto. Wakulima na majirani wakawa wanachanga, wananunua mtambo mmoja kwa pamoja, wanagawana mapato kwa hisa. Kufikia 2001 zaidi ya familia 100,000 za Denmark zilikuwa ndani ya vyama vya namna hiyo. Mbele ya bandari ya Copenhagen, pale Middelgrunden, mitambo 20 ilijengwa mwaka 2000, na 10 kati yake ikawa ya chama cha ushirika chenye wanachama zaidi ya 8,000. Hisa zilikuwa 40,500, kila moja kroner 4,250. Hawakuwa matajiri watupu hao.

Hata makampuni makubwa yalipoingia, serikali yao haikuacha mlango wazi tu. Kuanzia 2009 hadi 2020 sheria ya Denmark ilimtaka anayejenga mitambo ya upepo awauzie wakazi wa karibu angalau asilimia 20 ya hisa. Tafadhali irudieni namba hiyo: asilimia ishirini.

Haya, turudi nyumbani.

Kwenye kaunti ya Marsabit, upande wa Loiyangalani, kuna mitambo 365 ya upepo. Kila mmoja ni kilowati 850, jumla megawati 310. Ni mitambo ya Vestas. Ndiyo, kampuni ileile. Mitambo hiyo ilikuja kwa meli hadi Mombasa, ikapakiwa kwenye malori, barabara ikatengenezwa zaidi ya kilomita 200 ili ifike. Tulileta mnara, tukaleta mapanga, tukaleta boliti na nati. Kitu kimoja tu kilisahaulika bandarini kule Denmark: ushirika.

Ardhi ni ekari 150,000. Ni malisho ya Warendille, Wasamburu, Waturkana na majirani zao Waelmolo, ardhi iliyokuwa ikishikwa na halmashauri kwa niaba ya wenyeji. Kampuni ilikodishiwa na halmashauri hiyo. Wenyeji walikwenda mahakamani mwaka 2014. Oktoba 2021, Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliyokaa Meru iliamua kwamba hatimiliki za ardhi hiyo zilipatikana bila kufuata utaratibu wa sheria. Miaka saba kusubiri neno hilo! Mitambo yenyewe ilikuwa inauza umeme tangu 2018, na rais alikuwa ameuzindua mradi mwaka 2019.

Na umeme ulikwenda wapi? Ulikwenda Suswa, kilomita 428, kwa waya za kilovolti 400. Waya wa namna hiyo hauwezi kuteremka kijijini kuwasha balbu ya mama muuza chai. Unahitaji kituo cha kupunguza nguvu, nacho ni gharama ambayo mtu lazima aamue kuilipa. Siku ya uzinduzi vijiji vya jirani havikuwa vimeunganishwa. Mchungaji alipitisha mifugo chini ya waya uliobeba stima ya mji mzima, akaenda kulala gizani. Ningeandika hivyo kwenye riwaya, mhariri angeniambia nimetia chumvi.

Kuna jambo linalouma zaidi. Wakati mradi unajengwa, miongoni mwa wenye hisa kulikuwa na mifuko ya uwekezaji ya serikali za Denmark, Norway na Finland. Fikirini vizuri. Mwananchi wa Denmark, kupitia mfuko wa serikali yake, alikuwa na kipande chake katika upepo wa Marsabit. Mwananchi wa Laisamis hakuwa nacho. Simlaumu Mdenmark, yeye alifunzwa tangu zamani kwamba upepo ni mali. Nalaumu wale wetu waliokaa mezani na watu wenye historia hiyo wakashindwa kusema sentensi moja fupi: na sisi tunataka mlichowapa watu wa kwenu.

Hebu sasa tufanye hesabu ya shule ya msingi. Mtambo mmoja wa kilowati 850. Mwaka una saa 8,760. Ukizunguka kwa nguvu zake zote mwaka mzima ungetoa yuniti 7,446,000. Upepo haupigi hivyo, kwa hiyo tukate nusu: 3,723,000. Tuseme kila yuniti iuzwe shilingi 8. Nakadiria tu, bei ya mkataba wa kweli ni habari nyingine. Hiyo ni karibu milioni 30 kwa mwaka. Sasa tuwe wagumu kama mhasibu wa kiwandani. Tutoe milioni 20 za deni, bima, vipuri na mafundi. Imebaki karibu milioni 10. Kwa karo ya shilingi 50,000, hao ni watoto 200 shuleni, kila mwaka, na deni likiisha ni zaidi. Huo ni mtambo mmoja. Kuna 365. Asilimia 20 ya Wadenmark ingekuwa mitambo 73. Sikuomba 73, nimehesabu mmoja tu, na tayari mnaona kwa nini hawapendi tuhesabu.

Wataniambia: kampuni inajenga madarasa, inachimba visima, inatoa dawa. Kweli, na aliyekunywa maji hayo hawezi kuyatukana. Lakini zawadi na haki si kitu kimoja. Zawadi anaipanga mtoaji: mwaka huu kisima, mwaka ujao madawati, mwaka wa tatu mfadhili kabadilisha nia. Mgao wa faida mnaupanga nyinyi. Mkitaka kununua ngamia, ni ngamia. Mkikosea, mmekosea nyinyi, na mwaka ujao mtajirekebisha. Kupokea zawadi hakumfunzi mtu hesabu.

Pale Kinangop, Nyandarua, mambo yalikuwa mabaya zaidi. Kulikusudiwa mradi wa megawati 60. Wakulima waliitwa kukodisha mashamba, hawakuitwa kumiliki. Mwenye shamba lenye mnara angepata kodi. Jirani yake angepata mlio wa mapanga. Ugomvi wa ardhi ukaingia, fidia, siasa, uvumi wa kila aina. Mwaka 2015 maandamano yakaleta mauti. Mwaka 2016 mradi ukafutwa. Magazetini wataalamu wakasema wananchi hawakuelimishwa vya kutosha. Ati elimu! Mtu mwenye hisa hahitaji semina ili apende mtambo. Anaamka asubuhi anaangalia kama mapanga yanazunguka, kama vile mwenye matatu anavyoangalia magurudumu.

Nakuja sasa kwa wapinzani wangu, nisije nikaambiwa nimewakimbia.

Wa kwanza anasema: wanakijiji watatoa wapi pesa? Bwana mkubwa, na kampuni ilitoa wapi? Mradi wa Turkana uligharimu zaidi ya euro milioni 600, na sehemu kubwa ilikuwa mkopo uliosimamiwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika. Mabenki hayakukopesha kwa sababu ya sura nzuri ya mtu. Yalikopesha kwa sababu kulikuwa na mkataba wa miaka 20 wa kununua umeme wote. Na anayelipa mkataba huo ni nani? Ni wewe na mimi, tukinunua tokeni. Hata waya zilipochelewa, mitambo ikasimama tayari bila pa kupeleka umeme, fidia ya mabilioni ya shilingi ililipwa kutoka upande wetu. Kumbe dhamana ya mkopo ni sisi! Basi kama bili zangu zinatosha kumdhamini mgeni, zitashindwaje kumdhamini shangazi yangu?

Na pesa ndogondogo zipo. Mwaka 2006 Wakenya walipanga foleni kununua hisa za KenGen kwa shilingi 11.90. Mwaka 2017 serikali ilituuzia hatifungani ya M-Akiba kwa simu, kuanzia shilingi 3,000. Yaani wakati wa kutukopa, wanajua kutufikia hadi mfukoni kupitia simu. Wakati wa kutumilikisha, eti teknolojia haijafika.

Wa pili anasema: KenGen ni ya umma, na ile mitambo ya Ngong ni ya KenGen, kwa hiyo tayari ni yetu. Hapo kuna ukweli nusu. Ngong ilianza mwaka 1993 kwa mitambo miwili ya msaada kutoka Ubelgiji, sasa ni megawati 25.5, na afadhali mali ya umma kuliko mali ya mtu mmoja. Lakini mali ya taifa zima mapato yake huenda kwa taifa zima. Mwenyeji wa Ngong, kama mwenyeji wa Ngong, hapati chochote cha kufufulia mtaa wake. Mimi naongea juu ya pesa kukaa mahali. Sheria ya Nishati ya 2019 yenyewe inajua jambo hili: kwa mvuke wa ardhini imegawa mrabaha, asilimia 75 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti, 5 kwa jamii ya mahali. Katika mgawanyo huo upepo haumo. Mvuke unatoka chini una mwenyewe, upepo unapita juu hauna? Na hata hiyo tano ni mrabaha, si umiliki.

Wa tatu ndiye ninayemheshimu, kwa sababu anasema kutokana na uchungu: watu wetu watazila hizo pesa. Kamati itachaguliwa, mwenyekiti atanunua gari, mwekahazina atatoroka. Nani atabisha? Tunajua yaliyovipata vyama vya kahawa mwishoni mwa miaka ya 1990, baada ya serikali kulegeza usimamizi mwaka 1997: vyama vikameguka, watu wakapigana viwandani, mkulima akabaki na risiti. Sitaki kuyapaka rangi hayo.

Lakini nina majibu mawili. Kwanza, mwizi wa kijijini ana nyumba, ana mama, ana kanisa au msikiti anakosali. Anaweza kuitwa kwenye mkutano, akapigiwa kura, akashtakiwa mahakama ya karibu. Faida iliyoondoka kihalali kwa mkataba wa miaka 20 utaishtakia wapi? Pili, tunao ushahidi kwamba inawezekana, na hauko Ulaya. Uko Nyeri. Kwenye Mto Gura, viwanda vinne vya chai, yaani Gitugi, Iria-ini, Chinga na Gathuthi, vilijenga mtambo wa umeme wa maji wa karibu megawati 6. Viwanda hivyo ni mali ya wakulima wadogo wa chai, wale wanaochuma na vikapu mgongoni. Mtambo unaendesha mashine za viwanda hivyo na umeme wa ziada unauzwa kwenye gridi. Basi nyanya mwenye robo ekari ya chai ana kipande cha kituo cha umeme! Hamkusikia hotuba juu yake, kwa sababu hakuna mheshimiwa anayeweza kusema ni yeye aliyemletea.

Kama maji ya Gura yanaweza kuwa ya wachuma chai, upepo wa Marsabit unakatazwa na nini kuwa wa wafugaji? Msiniambie ni elimu. Mfugaji anayejua ukoo wa kila ngamia wake ana kumbukumbu kuliko kompyuta za wengi wenu.

Basi ninachotaka ni hiki, na nakisema bila kuzunguka. Leseni yoyote mpya ya mitambo ya upepo iwe na sharti kwamba wenyeji wauziwe sehemu ya mitambo yenyewe, si sehemu ya ahadi. Mkopo wao udhaminiwe na mkataba uleule unaomdhamini mwekezaji. Chama chao kiandikishwe kabla ya lori la kwanza kufika, kwa kuwa Katiba ya 2010 na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 zinawatambua kuwa wenye ardhi. Hesabu zibandikwe kila mwezi ukutani pa duka, kwa lugha ya mahali hapo, ili hata asiyekwenda mkutanoni azisome akinunua sukari. Na waya wa kwanza ushuke kijijini kabla waya mkubwa haujaanza safari ya mji.

Nanyi waandishi wenzangu, acheni kungoja mada kubwa kutoka ng'ambo. Mada iko juu ya kilima inazunguka. Siku watakapokuja kuzindua mtambo karibu na kwenu, msiende kwa ajili ya soda na fulana. Nendeni na daftari. Mzee wa kijiji akitoa nafasi ya maswali, simameni, wasalimuni wakubwa kwa heshima, kisha ulizeni manne tu. Hisa ni za nani? Mkataba ni wa miaka mingapi na yuniti ni bei gani? Karatasi ya ardhi ina jina la nani? Na sisi wa hapa tukitaka kununua mtambo mmoja, tunamwona nani?

Mheshimiwa akijibu, andikeni jibu lake. Akikasirika, andikeni alivyokasirika. Akiamuru mnyang'anywe kipaza sauti, hiyo nayo andikeni, pamoja na tarehe, kwa maana ndio ukurasa wa kwanza ambao riwaya zetu zote zimekuwa zikiuruka.